Marekebisho kwenye Muhtasari

Siku zote za shule, Kasiana ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika darasa la sita. Alitoka nyumbani kwao Lizaboni baba yake akiwa bado anapiga mswaki uani, akashika barabara ya vumbi lililolala kwa umande, mikono kaikunjia ndani ya sweta. Akifika, alifungua madirisha, akafuta ubao, akaandika tarehe, kisha akasimama mlangoni na daftari lake kuwasubiri wachelewaji. Alikuwa kiranja wa darasa, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote. Wenzake walisema Kasiana angeweza kumwandika hata jogoo kama angechelewa kuwika.

Muhula huo alikuja mwanafunzi mgeni, jina lake Sabra. Yeye na mama yake walihamia mjini kutoka Nalasi, wilayani Tunduru, na mama yake alikuwa akiuza mitumba. Watoto hawakukawia kumpachika jina. Walimwita Belo, kama lile furushi kubwa la mitumba lililofungwa kwa mikanda. Sabra hakujibu. Alikaa dawati lake, hijabu nyeupe imenyooka, akasoma. Tatizo ni kwamba alisoma vizuri mno, hasa Kiingereza, na Kiingereza mpaka wakati huo kilikuwa himaya ya Kasiana.

"Huyu Kiingereza chote hiki kakitoa wapi?" Kasiana alimuuliza rafiki yake Yasinta.

"Labda huko kwao kuna mwalimu mzuri."

"Nalasi?" Kasiana alicheka. Alikuwa hajawahi kufika Nalasi hata siku moja, lakini alicheka kama mtu anayeijua nyumba kwa nyumba.

Siku moja Mwalimu Aurelia, aliyewafundisha Kiingereza, aliingia darasani na habari kubwa. Mwezi uliofuata kungekuwa na mkutano wa watoto kule Dodoma, wa siku nne, wenye wajumbe kutoka mikoa mbalimbali na wageni wa nchi za nje. Shule yao ilipewa nafasi moja. Mwanafunzi atakayekwenda angesoma risala mbele ya watu wote, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

"Nitatoa jaribio la maneno arobaini," alisema mwalimu. "Yote yanahusu mikutano na mikusanyiko. Na msiniletee 'meeting' kila mahali! Kwetu kikao cha harusi si mkutano wa hadhara, na hafla si baraza. Kwa Kiingereza nako ni hivyohivyo. Tafuteni wenyewe, Jumatatu ijayo tunaandika. Atakayeongoza ndiye atakayekwenda."

Kasiana alihisi kama jina lake limeshatajwa. Maishani mwake alikuwa hajawahi kuvuka Njombe. Jioni hiyo alimweleza baba yake, na baba, bila kusubiri Jumatatu, akawatangazia waumini wenzake wa jumuiya kwamba binti yake anakwenda Dodoma. Majirani wakaanza kumpongeza njiani. Sasa kushindwa kungekuwa aibu ya nyumba nzima, na jambo hilo lilimkosesha Kasiana raha hata alipokuwa akila.

Alhamisi, saa ya mapumziko, alimwona Sabra amekaa peke yake nyuma ya darasa, karibu na tangi la maji. Alikuwa akisoma karatasi. Kasiana alinyata mpaka karibu kabisa. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa. Upande wa kushoto kulikuwa na maneno ya Kiingereza, mengine aliyafahamu: "meeting", "session", "congress", "rally". Upande wa kulia, mkabala na kila neno, kulikuwa na maneno ambayo alikuwa hajapata kuyaona popote: "susitikimas", "posėdis", "suvažiavimas", "mitingas". Baadhi ya herufi zilikuwa na vinukta na vialama vidogo juu yake.

Sabra akageuka. Alipomwona, aliikunja karatasi harakaharaka na kuisokomeza mfukoni.

"Ni nini hicho?" aliuliza Kasiana.

"Si kitu," Sabra alijibu, akaondoka upesi.

Haya, mtu mwenye karatasi ya heri huificha? Kasiana alijiuliza swali hilo mara kumi kabla ya kengele, na kila mara alipata jibu lilelile. Alimvuta Yasinta pembeni akamweleza.

"Labda ni Kiyao," alisema Yasinta.

"Kiyao hakina vinukta juu. Ile ni lugha ya siri. Kila neno la Kiingereza lina alama yake ya siri, ili mtu akiiona kwenye jaribio asijue ni nini."

"Sasa alama ngumu kuliko neno lenyewe zinamsaidia nini?"

Lilikuwa swali zuri sana. Bahati mbaya Kasiana hakutaka maswali mazuri. Alitaka mtu wa kushtuka naye. Tangu hapo kila alichofanya Sabra kilikuwa na namna. Akinyamaza, anaficha jambo. Akitabasamu, anajua jambo. Akienda kunawa mikono, huenda amejiandika viganjani. Kasiana hata alimfuata bombani akachungulia, akaona mikono safi, akahitimisha kwamba keshayafuta.

Jumatatu ikafika. Kabla ya jaribio, Mwalimu Aurelia aliagiza mikoba yote iwekwe mbele, chini ya ubao. Wanafunzi wakabaki na kalamu na karatasi tupu. Kasiana alikaa safu ya nyuma yake Sabra, upande, na badala ya kuitazama kazi yake akawa anaitazama hijabu nyeupe. Dakika zilikwenda. Mara moja, mara moja tu, mkono wa kushoto wa Sabra ulishuka chini ya dawati, ukakaa huko kidogo, ukarudi juu. Kasiana aliukazia macho. Alipokumbuka karatasi yake, mwalimu alikuwa anasema zimebaki dakika mbili.

Kesho yake matokeo yalisomwa. Sabra, arobaini. Kasiana, thelathini na saba.

Darasa zima liligeuka kumtazama Sabra. Kasiana hakumtazama mtu. Akilini alimwona baba yake akirudi kwenye jumuiya na kuanza kueleza upya. Ndani yake mlijaa uchungu, na uchungu ule ukasema: kaiba. Kengele ilipolia alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Fidelisi, mwalimu wa nidhamu, ambaye alikuwa akisahihisha madaftari nje ya ofisi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, kiranja. Kuna nini?"

"Mwalimu, Sabra ana karatasi yenye maneno ya jaribio. Imeandikwa kwa siri. Niliiona Alhamisi, akaificha."

Mwalimu Fidelisi aliweka kalamu chini. "Na jana kwenye jaribio ulimwona akiitumia?"

Kasiana aliuona tena ule mkono ukishuka chini ya dawati. Kitu gani kingine mkono ungefuata kule? "Ndiyo, mwalimu," alisema. "Aliitoa chini ya dawati akaisoma."

Maneno yalitoka laini, hata yeye mwenyewe hakuyasikia yakipita. Chumvi aliyoitia ilikuwa punje moja, lakini ndiyo iliyogeuza mchuzi wote.

Mkoba wa Sabra ulipekuliwa na karatasi ikapatikana. Mpaka saa ya kwenda nyumbani, Kasiana alikuwa amewasimulia wanafunzi wasiopungua kumi, na kila aliposimulia, ile karatasi ya chini ya dawati ilionekana wazi zaidi. Kwa msikilizaji wa mwisho alikumbuka hata ilivyokunjwa.

Jumatano, kikao cha nidhamu kilikaa ofisini. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Fidelisi. Mwalimu Aurelia aliandika muhtasari. Viranja nao walihudhuria, kama ilivyokuwa kawaida ya shule hiyo, wakakaa kwenye benchi karibu na kabati. Sabra alisimama katikati.

"Karatasi hii ni yako?" aliuliza mwenyekiti.

"Ndiyo, mwalimu. Nilijifunzia nyumbani."

"Haya maneno ya upande huu ni lugha gani?"

"Sijui, mwalimu."

"Unabeba karatasi yenye lugha usiyoijua?"

Sabra aliinamisha kichwa. Viranja wawili walitazamana. "Nilijifunza upande wa Kiingereza tu," alisema kwa sauti ndogo. "Maana yake nilitafuta kwenye kamusi ya darasa. Kwenye jaribio ilikuwa ndani ya mkoba. Wallahi sikuitoa."

"Uliipata wapi?"

Sabra alimtazama kila kiranja pale kwenye benchi, midomo ikafungwa kama mlango wa duka siku ya mazishi. Kwa Kasiana huo ulikuwa ushahidi mtupu. Alipoitwa kueleza, alisimama akaeleza yaleyale, neno kwa neno, na Mwalimu Aurelia akaandika.

Uamuzi ulitolewa: alama za Sabra zinafutwa, mzazi wake aitwe Jumatatu, na nafasi ya Dodoma anachukua Kasiana. Sabra hakulia mbele yao. Alitoka polepole, na baadaye Yasinta alimwona nyuma ya darasa, karibu na lile tangi, amejifunika uso kwa ncha ya hijabu.

"Analia," Yasinta alimwambia Kasiana.

"Hata wezi hulia," alijibu Kasiana, lakini hamu ya kuendelea kuzungumza ilimwisha.

Jumamosi, mama yake alimpeleka mitumbani kumtafutia koti la safari. Basi hupita Makambako, na baridi ya huko mama aliiogopa kuliko simba. Walizunguka meza mbili tatu, wakafika kwenye meza ya mama mmoja mnene, mcheshi, aliyejifunga khanga kiunoni na kuning'iniza makoti kwenye kamba.

"Karibu, mama. Karibu, mwanangu. Belo jipya hili, nimelifungua juzi."

"Tunataka la baridi hasa," alisema mama. "Huyu anakwenda Dodoma kwenye mkutano wa watoto. Ameshinda jaribio la Kiingereza."

"Maashallah!" Yule mama alipiga makofi. "Hata binti yangu alikuwa akisoma maneno ya mikutano usiku na mchana. Yupo shule gani huyu?"

Mama akaitaja. Uso wa mwenye meza ukabadilika, ukawa wa mtu aliyepata wa kumwuliza. "Basi unamjua Sabra wangu."

Kasiana akageukia makoti ya kwenye kamba. "Namjua," alisema.

"Nimeitwa shuleni Jumatatu. Wanasema kaibia kwenye jaribio. Nimemuuliza, anasema hakuibia. Nimwamini nani? Ile karatasi mie ndiye niliyempa. Sisi tukifungua belo, kwanza tunapekua mifuko, maana watu wa huko Ulaya husahau vitu: tiketi, leso, funguo. Kwenye koti moja jeusi nikakuta karatasi zenye Kiingereza. Nikamwambia, mwanangu, chukua hii ukasome. Akafurahi kama kapewa nguo ya Idi."

Kasiana alisikiliza, lakini shaka yake haikukubali kufa upesi. Hii hadithi imepangwa, aliwaza. Mama na mtoto wamekaa jana wakaitunga. "Lilikuwa koti gani?" aliuliza, na sauti yake ikatoka kama ya askari.

Mama Sabra hakukasirika. Alifungua mfuko wa nailoni chini ya meza, akatoa karatasi mbili nyingine. "Koti nimeshaliuza. Hizi zilikuwa pamoja na ile. Tazama."

Ya kwanza ilikuwa na chapa ileile na vinukta vilevile. Ya pili ilikuwa imeandikwa kwa mkono, mwandiko wa mtoto, wino wa bluu: maneno kumi ya Kiingereza na tafsiri zake kwa ile lugha ngeni. Juu yake mwalimu alikuwa amepita na kalamu nyekundu, akaweka vema sita na kukosesha manne. Kasiana aliitazama ile kalamu nyekundu muda mrefu. Hapakuwa na siri yoyote. Mahali fulani duniani alikuwapo mtoto mwingine, naye anahangaika na maneno yaleyale ya mikutano, na alikuwa amepata sita kwa kumi.

"Kwa nini hakuwaambia walimu?" aliuliza, safari hii kwa sauti ndogo.

"Anaona haya. Wanamwita Belo huko shuleni. Aseme karatasi imetoka mfukoni kwenye mtumba, si ndiyo watamcheka mpaka amalize shule?" Mama Sabra alizirudisha karatasi mfukoni. "Kuna mtoto kasema amemwona kwa macho. Mie sina neno na huyo mtoto. Kama ameona, ameona, afanyeje? Hawezi kusema hakuona."

Mama yake Kasiana alikuwa ameshachagua koti la kijani. Alimvalisha, akamgeuza, akamgeuza tena. "Limekukaa," alisema. Kasiana aliitikia kwa kichwa. Alitamani kulivua palepale.

Jumapili yote alijitetea moyoni. Karatasi si ilikutwa kweli? Sabra si aliificha kweli? Mkono si ulishuka kweli? Hayo matatu yalikuwa ya kweli kabisa, akayapanga na kuyapangua kama mtu anayepanga mawe. Lakini kila alipofika kwenye lile la nne, la karatasi chini ya dawati, alilitafuta akilini asilipate. Palikuwa na mkono tu. Aliogopa. Akanyamaza, akamwomba Mungu Jumatatu ipite upesi bila mtu kumwuliza kitu.

Jumatatu saa nne kikao kilikaa tena. Viranja kwenye benchi, Sabra na mama yake kwenye viti viwili vya mbele. Mama Sabra alipomwona Kasiana alitabasamu, akamnong'oneza binti yake kitu. Sabra hakutabasamu.

"Kabla ya yote," alisema Mwalimu Fidelisi, "katibu atatusomea muhtasari wa kikao kilichopita. Tutauthibitisha, ndipo tuingie kwenye yatokanayo."

Mwalimu Aurelia alifungua daftari kubwa akaanza kusoma. Alisoma tarehe, akasoma mahudhurio, akasoma maelezo ya Sabra. Akafungua ukurasa wa pili. "Kiranja wa darasa la sita, Kasiana, alikiambia kikao kuwa siku ya jaribio alimwona kwa macho yake mwanafunzi Sabra akitoa karatasi chini ya dawati na kuisoma. Kwa kuzingatia ushahidi huo, kikao kiliamua..."

Maneno yake mwenyewe yalimrudia kwa sauti ya mtu mwingine, yakiwa na wino na tarehe. Alipoyasema yalikuwa hewani. Sasa yalikuwa kwenye daftari, na yangewekwa kabatini, na miaka kumi baadaye mtu angelifungua daftari na kusoma kwamba Sabra ni mwizi. Mama Sabra alikuwa ameinamisha kichwa, mikono kaikunja mapajani.

"Kuna mwenye marekebisho kabla hatujathibitisha?" aliuliza mwenyekiti. Lilikuwa swali la kila kikao, swali ambalo huulizwa huku mtu ameshashika kalamu ya kutia sahihi. Alizungusha macho ofisini. "Kama hakuna..."

"Mimi," alisema Kasiana.

Wote wakageuka. Alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika kabati.

"Una marekebisho? Wapi?"

"Ukurasa wa pili, mwalimu. Pale panaposema nilimwona akitoa karatasi." Alimtazama Sabra. "Niliona mkono ukishuka chini ya dawati. Karatasi sikuiona. Hiyo niliiongeza mimi."

Mwalimu Aurelia aliweka kalamu juu ya daftari.

"Mkono ulikuwa unajikuna," Sabra alisema ghafla, na sauti yake ikakatika. "Niliumwa na mbu. Hakuna aliyeniuliza."

Mama Sabra alimkodolea Kasiana macho. "Kumbe ni wewe," alisema. "Ulisimama mezani kwangu. Nikakuuzia koti."

"Nisamehe, mama," alisema Kasiana, na hapo machozi yakamtoka, akalia bila kujificha. "Nilijua tangu Jumamosi. Nilikuwa naogopa. Sabra, nisamehe."

"Bado," alisema Sabra.

"Ana haki ya kusema bado," Mwalimu Fidelisi aliingilia. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na ilikuwa wazi kwamba anatafuta pa kuanzia. "Na mimi nina marekebisho yangu. Nilimuuliza huyu mtoto swali ambalo lilikuwa na jibu ndani yake. Sikumuuliza aliona nini. Nilimuuliza kama aliona kile ambacho nilikuwa nimeshakiamini. Kisha nikamhukumu Sabra kwa sababu alinyamaza. Mama, tunaomba radhi."

Mama Sabra alishusha pumzi. "Hasira ninayo, mwalimu, sitasema sina. Lakini mtoto aliyesimama mwenyewe bila kusukumwa, sitamtukana." Kisha akaeleza jinsi karatasi ilivyotoka mfukoni kwenye mtumba, na kwa nini Sabra aliona haya kusema.

Mwalimu Aurelia alisema kwamba na yeye alikuwa na jambo la yatokanayo. Aliyaandika yale maneno mageni kwenye simu yake akagundua kuwa ni Kilithuania, lugha ya nchi moja ndogo ya Ulaya. Karatasi ile ilikuwa zoezi la shule, la watoto wanaojifunza Kiingereza kama wao. Kisha akamgeukia Sabra. "Hujaulizwa jambo moja rahisi kabisa. Karatasi ninayo mimi, mikono yako ipo wazi. Kikao cha baraza kwa kipindi maalumu?"

"Session."

"Mkutano mkubwa wa wajumbe kutoka sehemu mbalimbali?"

"Congress. Na 'conference' nayo inaweza, ikiwa wanajadili mada moja."

Alimuuliza kumi na mbili, akajibu kumi na mbili. Mama yake, asiyejua Kiingereza hata neno, alikuwa akiitikia kwa kichwa kila jibu kama anayesahihisha. Alama arobaini zikarudishwa, na safari ya Dodoma ikawa ya Sabra. Kasiana alivuliwa ukiranja mpaka muhula uishe. Alikubali bila kusema kitu, maana alikuwa ameshalitegemea.

Walipotoka, Mwalimu Aurelia alimbakiza. "Wangapi uliwasimulia?"

Kasiana alihesabu kwa vidole. "Kama kumi, mwalimu."

"Daftari nimelirekebisha kwa mstari mmoja wa kalamu. Hao kumi sina kalamu ya kuwafikia. Ni kazi yako."

Siku hiyohiyo Kasiana alianza kuwafuata mmoja mmoja, Yasinta akiwa wa kwanza. Haikuwa kazi ya raha. Wengine walimcheka, mmoja alimwambia hakuwahi kumwamini tangu mwanzo, jambo ambalo halikuwa kweli. Lakini lililomvunja moyo ni watoto wawili wa darasa la tatu waliokuwa wakichezea mchanga karibu na lango. Sabra alipita, nao wakaimba, "Belo mwizi! Belo mwizi!" Hao hakuwahi kuzungumza nao maishani. Neno lake lilikuwa limetembea peke yake mpaka huko.

Alirudi ofisini. "Mwalimu," alisema, "kumi hawatoshi. Naomba niseme mstarini."

Kesho yake asubuhi, shule nzima ilipopanga mistari na baada ya wimbo wa taifa, Kasiana alisimama mbele, kwenye ngazi. "Nilisema nilimwona Sabra akisoma karatasi kwenye jaribio," alisema. "Sikuona. Niliona mkono. Nilikuwa na wivu, nikamshuku, na nilichokishuku nikakisema kama nimekiona. Sabra hakuiba kitu. Alama zake ni zake."

Kulikuwa na minong'ono, ikatulia. Mwalimu Fidelisi akasogea mbele.

"Wanafunzi, sikilizeni. Kumshuku mtu kunaweza kumjia yeyote, hata mimi. Lakini ukiulizwa umeona nini, sema ulichokiona kwa macho, ukomee hapo. Ukiwa na shaka, sema ni shaka, usiivalishe nguo za ukweli. Na kabla hujaipeleka kwa mwalimu, ipeleke kwanza kwa mwenyewe, umuulize. Jambo hili lingeisha kwa swali moja kule kwenye tangi la maji, kama lingeulizwa kwa wema. Na lile jina la Belo nisilisikie tena. Mnaona lilichofanya? Lilimfunga mtoto mdomo siku aliyohitaji kusema. Haya, madarasani."

Mistari ikavunjika. Kasiana alishuka ngazi akitazama chini, akawaacha wenzake wapite. Aliponyanyua macho, Sabra alikuwa amesimama mbele yake na daftari mkononi.

"Risala yangu ina ukurasa mmoja na nusu," alisema. "Kuna mahali nakwama, kwenye Kiingereza. Saa ya mapumziko uje unisikilize."

"Nitakuja," alisema Kasiana.

"Na ukisikia nimekosea," alisema Sabra, akianza kwenda, "niambie mimi kwanza."